Gari Lililoombewa Kabla ya Kufunguliwa Boneti

Nina miaka hamsini na miwili, mke mmoja, watoto wanne, na shahada ya ualimu niliyoipata Bukavu kabla vita havijanifundisha masomo mengine. Hapa Dzaleka, kambi ya wakimbizi nchini Malawi, watu huniita Profesa. Sijawahi kuwa profesa hata siku moja... lakini pia sijawahi kumkataza mtu kuniita hivyo! Wasomaji wenzangu, hapo ndipo ugonjwa wangu ulipoanzia.

Ninaandika kwa sababu kuna fundi mmoja ambaye jina lake nililiharibu kwa sentensi mbili tu, mbele ya watu, nikiwa nimevaa koti la suti. Tangu siku ile nimetafuta mahali pa kuuweka mzigo huu. Sijapata. Basi nauweka hapa.

Tuna chama chetu cha kusaidiana kambini. Kina Wakongomani wa Kivu kama mimi, kina Warundi, kina Waislamu wa Kindu. Kazi yake ni moja: mtu akiugua kuliko uwezo wa zahanati yetu, afike hospitali ya Lilongwe. Kwa miaka mingi tulitegemea ambulensi isiyotosha na huruma ya wenye malori. Kisha akina mama wa cherehani na wauza maharagwe wakachanga, wakachanga tena, mpaka siku moja tukaambiana kwamba tunaweza kununua gari letu wenyewe.

Gari lenyewe halikuwa jipya. Lilikuwa jeep jeupe ambalo kampuni moja ya Lilongwe ilikuwa ikiwakodisha watalii, na sasa ilikuwa ikiuza ya zamani ili ilete mengine. Mwenyekiti wetu, Mama Feza, aliamua tuende wawili kulitazama. Mimi, mwandishi wa chama, na Fundi Ramazani.

“Profesa anajua kusoma karatasi,” alisema Mama Feza. “Fundi anajua kusoma chuma.”

Fundi Ramazani ni mtu wa Kindu, amenizidi miaka mitano au sita. Kwao alitengeneza malori makubwa. Huku alitengeneza baiskeli, redio, jenereta na mashine za kusagia mahindi, kila kitu kilichonyamaza kililetwa kwake. Ni mtu wa maneno machache. Akitaka kujua hali ya injini, huinusa kwanza.

Siku ya kwenda, kibali chake cha kutoka kambini kilikuwa bado hakijatoka. Aliniomba tusubiri mpaka Alhamisi. Nilimwambia muuzaji hatasubiri, kuna wateja wengine.

Ulikuwa uongo. Muuzaji alikuwa ameniambia nije siku yoyote.

Ukweli ni kwamba niliona aibu... Niliona picha yangu nikiingia katika uwanja wa kampuni ile nikiwa na mzee mwenye mikono myeusi ya oili, anayeuliza maswali kwa Kiswahili cha Kindu, na mimi nikigeuka mkalimani wake. Mimi, mwenye shahada, nimtafsirie mtu wa spana? Nikapanda basi dogo peke yangu.

Muuzaji alikuwa kijana mpole, shati limepigwa pasi, ananiita sir kila baada ya maneno matatu. Aliniletea kitabu cha matengenezo cha gari lile. Jamani, kitabu kile! Kila ukurasa una muhuri, una tarehe, una sahihi. Nilikisoma kuanzia jalada hadi jalada kama ninayesahihisha mtihani. Nilikuta hata neno moja limeandikwa vibaya, nikamwonyesha, naye akanisifu kwa kuwa na macho makali. Nilifurahi mno hata sikumwomba afungue boneti.

Nilimuuliza swali moja tu, kwamba ni akina nani waliokuwa wakiliendesha. Akasema ni watalii, watu waangalifu. Nami nikatikisa kichwa! Mtu mzima, baba wa watoto wanne, nikakubali kwamba mtu aliyekodi gari kwa siku nne, akalipeleka ziwani na mlimani, atalionea huruma kuliko mwenye nalo. Nani kati yetu amewahi kukodi baiskeli akaitia grisi?

Nikatia sahihi. Nikachukua funguo.

Nilipokaribia Lumbadzi, njiani kurudi kambini, mshale wa joto ukaanza kupanda. Nilisimama pembeni, nikamwaga kwenye rejeta chupa mbili za maji ya kunywa, nikangoja, mshale ukashuka. Nikafuta matone kwenye boneti kwa leso yangu. Nikaondoka. Kwa hiyo msije mkasema sikujua. Nilijua kabla gari halijafika kambini hata mara moja.

Lakini kambini walikuwa wakingoja. Akina mama wametandika vitenge njiani, ngoma zinapigwa, wazee wamevaa vizuri. Kwetu kitu cha chama hakiguswi kabla hakijaombewa, na kwa kuwa chama ni cha wote, mchungaji aliweka mikono juu ya boneti akaomba kwa sauti, kisha shehe naye akasoma dua yake. Dini mbili, gari moja! Watu wakalia machozi ya furaha. Warundi wakaimba, Wakongomani wakacheza, soda zikafunguliwa.

Maombi yalipokwisha, Fundi Ramazani alilizunguka gari taratibu. Akafungua kifuniko cha oili, akakinusa, akakiangalia kwa ndani. Akakifunga. Akaja kunivuta kando, nyuma ya mabenchi.

“Profesa, hii motokari iko mugonjwa,” aliniambia kwa sauti ya chini. “Maji inaingia mu mafuta ya moteri. Joint de culasse njo imekwisha.”

Hilo ndilo jina alilojifunza katika gereji za Kindu. Ni ile gasketi inayokaa kati ya kichwa cha injini na mwili wake, inayozuia maji na oili visikutane. Ikiungua, oili hugeuka rangi kama chai ya maziwa, na injini hupata homa mpaka ife.

“Tuambie bantu leo leo, wakati bangali na furaha,” aliendelea. “Kesho itakuwa nguvu, kusema itatushinda.”

Nilimuuliza kama anataka kuwaambia watu wale kwamba Mungu ameshukuriwa kwa kitu kibovu.

“Mungu anajua joint iko namna gani,” alijibu. “Shida ni siye.”

Nilimwomba anyamaze. Nilimwomba kwa jina la umoja wetu, kwa heshima ya mchungaji na shehe, nilitaja kila kitu isipokuwa heshima yangu mwenyewe, ambayo ndiyo niliyokuwa nikiilinda. Nikamwambia tutalitengeneza kimya kimya, yeye na mimi, nyuma ya ua wa nyumba yangu. Watu wataambiwa nashughulikia makaratasi ya gari. Alipangusa oili vidoleni. Kisha akasema sawa, ni siri yangu, yeye hataitoa.

Na hakuitoa! Hadi leo hajaitoa yeye.

Kwa wiki mbili alikuja kila alasiri. Tulitundika mikeka kwenye ua ili wapita njia wasione. Alilala chini ya gari lile, miguu tu ndiyo iliyoonekana, huku mimi nikimsomea kwa sauti mambo niliyoyachapisha kutoka kwenye mtandao. Alivumilia. Siku moja aliniomba niache kusoma nimshikie taa ya mkononi, kwamba hiyo ingemsaidia zaidi.

Alitoa mipira ya maji iliyopasuka akaweka mingine. Alibadilisha kifuniko cha rejeta na mkanda wa feni. Alikuta themostati haipo kabisa, mtu aliiondoa ili kuficha homa. Ndani ya rejeta alikuta tope la kahawia, ule unga ambao watu humwaga kuziba matundu kwa muda, gari lipate mnunuzi. Aliosha rejeta mara nne. Alinionyesha tope lile kwenye kiganja chake. Nilikumbuka kitabu changu chenye mihuri... nikaangalia pembeni.

Vyote hivyo vilipokwisha, gari lilitulia. Lakini gasketi ilibaki ileile. Kuibadilisha kulihitaji kichwa cha injini kitolewe, kipelekwe Lilongwe kusawazishwa kwenye mashine, na gari likae wazi zaidi ya wiki. Jambo hilo lisingefichika kwa mikeka.

“Mpaka Dowa hapa karibu itakwenda,” Fundi aliniambia. “Lilongwe hapana. Hata bakuombe na machozi, Lilongwe hapana.”

Akafunga kitambaa chekundu kwenye usukani ili nisisahau. Nilikiondoa baada ya siku tatu, kwa sababu watu waliuliza ni cha nini.

Nikaahirisha. Nikamwambia ngoja sherehe ya chama ipite. Ilipita. Nikamwambia ngoja mvua zipungue. Zilipungua. Wakati huo mimi naendesha gari jeupe hadi Dowa na kurudi, kiwiko dirishani, akina mama wananipungia mkono. Mnajua utamu wa kupungiwa mkono? Mimi nimeujua, na sasa najua uchungu wake.

Ilikuwa Ijumaa, jua la saa sita. Fundi Ramazani alikuwa msikitini. Alikuja Nestor, Mrundi mmoja fundi cherehani, kijana mtaratibu ambaye hakuwahi kunyanyua sauti. Mkewe, Espérance, alikuwa na uchungu tangu alfajiri, mimba yao ya kwanza, na mtoto alikuwa amekaa vibaya. Zahanati ilisema apelekwe Lilongwe bila kuchelewa. Ambulensi ilikuwa imeondoka na mgonjwa mwingine.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo ninapohukumiwa kila siku.

Pale sokoni, hatua chache kutoka kwetu, kulikuwa na pikapu. Mfanyabiashara mmoja wa Kimalawi alikuwa amemaliza kushusha nyanya, anafunga turubai, anajiandaa kurudi Lilongwe. Mtu mwema, namfahamu, hunisalimia kwa zikomo, asante yao, hata kabla sijamfanyia lolote. Ningemwita angekuja. Nilimwona. Niliona pikapu, niliona namba zake, niliona hata tairi zake ni nzima...

Kumwita kulikuwa na maana ya kuwaambia watu wote waliokusanyika kwamba gari la chama, lililoombewa na dini mbili, haliwezi kufika Lilongwe.

Nikamwambia Nestor, “Mpandishe.”

Tulikwenda vizuri mpaka barabara kuu. Mshale ulikuwa katikati. Nilianza kujisifu moyoni. Tulipokaribia Lumbadzi ukapanda kwa mkupuo, ukagusa nyekundu, na kabla sijapata pa kusimama mvuke mweupe ukafunika kioo chote. Injini ikatoa mlio mmoja mkavu. Ikazimika.

Nyuma, Espérance alikuwa ameshika mkono wa mumewe na hapigi kelele. Afadhali angepiga!

Waendesha kabaza, wale wa baiskeli za abiria, waliacha baiskeli zao wakatusukuma hadi pembeni. Nilisimama katikati ya lami nikipunga mikono kama mwendawazimu. Magari yalipita. Hatimaye lori la mahindi likasimama, tukampandisha Espérance juu ya magunia. Sijui muda tuliopoteza pale. Sikuangalia saa. Nilikuwa naogopa kuiangalia.

Mama alipona. Mtoto, wa kike, hakulia.

Daktari hakusema kwamba sababu ni gari. Alisema uzazi ulikuwa mgumu tangu mwanzo, huenda hata tungewahi... Nestor alimshukuru. Mimi sikutaka kuisikia ile “huenda”, kwa sababu nilijua nitaitumia kama mto wa kulalia.

Mtoto tulimzika kambini. Jumapili iliyofuata wanachama walikutana baada ya ibada, Waislamu nao wakaja. Mama Feza alifungua kikao. Nestor akasimama, kofia mkononi.

“Sitafuti vita na mtu,” alisema. “Nauliza tu. Nani alikuwa anafungua motokari yetu?”

Kisha jirani yangu mmoja, mama ambaye ua wake umepakana na wangu, akasema aliona kupitia mkeka uliochanika miguu ya Fundi Ramazani chini ya gari, siku nyingi, na vyuma vimejaa ndani ya beseni. Mwingine akauliza vyuma hivyo vilikwenda wapi. Mtu wa nyuma akasema kwa kejeli kwamba jenereta za watu siku hizi zinapona haraka sana, labda zimeongezewa damu ya motokari yetu. Wachache wakacheka. Mwingine akanong'ona kwamba mzee huyo hakuitikia amina siku ya maombi.

Fundi Ramazani hakujitetea. Alinitazama mimi. Alikuwa anangoja nifungue mlango ambao mimi ndiye niliyeufunga.

Mama Feza akanigeukia. “Profesa, we njo mwandishi wetu. Ulimutuma afungue motokari?”

Wasomaji, nimesoma falsafa. Nimefundisha somo la uraia na maadili kwa miaka tisa. Nilikuwa na muda wote wa kujibu.

Nilisema, “Nilijua anaangalia kidogo. Sikujua ametoa nini ndani.”

Sentensi mbili.

Mzee yule aliinuka, akavaa kandambili zake mlangoni. “Profesa amesema,” alisema. “Basi.” Akatoka.

Tangu siku ile hakuna aliyempelekea hata pampu ya baiskeli. Kibanda chake kikabaki wazi bila kazi, watoto wakipita wanaimba “mwizi wa joint” bila kujua joint ni nini. Mkewe alikuwa akiuza sambaza, wale dagaa wetu, karibu na kisima, wateja wakamkimbia. Haukupita muda wakahama, nikasikia wako Mtandire, pembezoni mwa Lilongwe, yeye anabeba matofali kwa siku.

Mtu aliyetengeneza malori... anabeba matofali!

Na mimi? Nilipewa pole. Wanachama walisema Profesa amesalitiwa. Mke wangu peke yake ndiye aliyejua, kwa kuwa ndiye aliyekuwa akimpelekea Fundi chai chini ya gari. Hakunigombeza. Aliacha tu kuniita baba watoto, akawa ananiita Profesa kama wengine. Hamjui jinsi neno lile lilivyouma likitoka kinywani mwake.

Gari lilivutwa hadi gereji ya Lilongwe. Fundi wa pale aliponipigia, aliniambia mambo mawili. Kwanza, kichwa cha injini kilikuwa kimepinda zamani, tangu lilipokuwa gari la kukodisha, na mtu alikiziba kwa gundi. Pili, aliyebadilisha mipira na kuosha rejeta ni fundi hasa, bila yeye injini isingefika wiki. Aliniandikia yote kwenye karatasi yenye muhuri. Mimi ndiye mpenzi wa mihuri, sivyo? Karatasi ile niliifungia sandukuni miezi minne.

Kisha kamati ikaamua gari lazima lipone, na gereji ile ilikuwa nje ya uwezo wetu. Nikatumwa kutafuta fundi mwingine. Nilizunguka Lilongwe nzima, na miguu ikanipeleka Mtandire. Ndiyo, nilikwenda kumwomba yeye! Sina uso, najua.

Nilimkuta ameketi mbele ya nyumba ya kupanga, anakula nsima, ugali wa huku, pamoja na mkewe. Aliniwekea kigoda. Nilieleza kwa maneno mengi, namna yangu ya kawaida, kuhusu chama na wagonjwa na haja ya kusonga mbele. Alinawa mikono, akangoja nimalize.

“Espérance amepona?” aliuliza.

Nikasema amepona.

“Umeshabaambia?”

Nikasema bado.

“Basi nenda ubaambie kwanza. Halafu njo ulete funguo.”

Mkewe hakuniangalia. Alikusanya sahani akaingia ndani.

Jumapili iliyofuata nilisimama mbele ya wanachama na karatasi ya gereji. Nilitaka kuisoma, nikashindwa, nikasema kwa mdomo tu. Nilisema juu ya kibali cha Fundi na uongo wangu. Juu ya chupa mbili za maji pale Lumbadzi. Juu ya mikeka. Nikasema Ramazani alitaka waambiwe siku ileile ya ngoma, na mimi ndiye niliyemziba mdomo, na beseni lile lilijaa vyuma vibovu tu alivyovitoa ili vizima viingie. Mama Feza alikuwa amefunika uso kwa kitenge. Yule jirani yangu alianza kulia. Nilidhani nimemaliza.

Nestor akasimama. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

“Ile pikapu ya nyanya,” alisema. “Uliiona?”

Ningeweza kusema sikumbuki. Hakuna ambaye angejua.

“Niliiona,” nikasema.

Alivaa kofia yake, akatoka. Hajanisalimu tangu siku hiyo. Espérance hunisalimu tukikutana njiani, kwa upole, na mimi hukosa pa kuweka macho. Uandishi wa chama walinivua pale pale, na ilikuwa haki.

Mama Feza na wazee wanne, wawili Wakristo na wawili Waislamu, walikwenda Mtandire kumwomba Fundi radhi. Mimi nilibeba funguo. Gari likavutwa kutoka gereji hadi kwake, akalitengeneza kule kule, boneti wazi barabarani, watu wakipita wanaangalia, kila chuma alichotoa akikipanga juu ya gunia ili kila mtu akione. Lilipowaka vizuri walimsihi arudi kambini. Alifikiri. Akasema jina lake lirudi, yeye atakuja kutembea tu, si kukaa. Mkewe hataki tena kuuza samaki kwa watu wale, naye hawezi kumlazimisha.

Nilimwomba msamaha peke yetu, nyuma ya gari. Alinijibu kwamba amenisamehe siku nyingi, lakini Profesa asimuombe tena amfichie kitu.

Ndugu zangu wasomaji, msinihurumie. Ninawasihi tu. Ukitumwa kununua kitu cha watu, nenda na yule anayekijua, hata kama nguo zake zitakuaibisha. Ukikikuta kibovu, sema siku hiyohiyo, hata ngoma zikiwa zinalia, hata mchungaji akiwa bado hajaondoa mikono. Watu watanuna, soda zitabaki mezani, utaitwa mjinga wiki nzima. Chukua ujinga huo uende nao nyumbani. Ni mwepesi... Mimi niliukataa, na sasa kila Ijumaa saa sita, popote nilipo, naiona ile pikapu ikifunga turubai lake, ikigeuka, ikiondoka bila sisi.